Mistari Kumi na Miwili

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, ndiyo maana nahesabu.
Miaka kumi na minne. Vikao sitini na vitatu.
Majaji watatu, na birika moja la chai
lisilowahi kufika upande wetu wa meza.
Mume mmoja, Aviel, fundi wa viyoyozi,
aliyeondoka nyumbani na begi la spana
akaiacha ndoa mlangoni, imefungwa kwa nje.

Mteja wangu ni Mazal. Anapika shule ya chekechea Kiryat Ata.
Kila kikao huja na mkoba uleule wa kahawia,
viatu vimepigwa rangi,
kana kwamba leo ndiyo leo.

Mahakama ya marabi, Haifa, ghorofa ya pili.
Kwenye benchi ya korido hakuna anayeuliza, "Una shida gani?"
Wanaulizana tu, "Mwaka wa ngapi?"
Mmoja alijibu, "Wa tatu,"
akainamisha uso, kama aliyeomba nafasi
kwenye foleni ya wagonjwa mahututi.

Mwanamume huoa, mwanamke huolewa.
Mwanamume huacha, mwanamke huachwa.
Nimekesha na vitenzi hivi juu ya meza ya jikoni
nikitafuta pa kumweka Mazal
ili naye, mara moja tu, atende.

Aviel alitaka nyumba.
Kisha shekeli laki mbili.
Kisha aombwe radhi, na mama yake akiwepo.
Bei ilipanda kama nyanya kabla ya Pasaka.
Nikasimama: "Waheshimiwa, sheria ilimpa kalamu,
haikumpa duka."
Jaji wa kati akafunga faili. "Subira," akasema.

Subira huvuta heri, wanasema.
Yetu ilivuta mvi.

Wapo wanaoniita mbomoaji. Mimi!
Mimi niwashaye mishumaa kila Ijumaa kabla jua halijazama,
nisiyegusa mkate bila kuubariki.
Nyumba hii ni yangu, nimezaliwa humu.
Nauliza tu kwa nini mlango wake
una kitasa upande mmoja.

Walimnyang'anya leseni ya udereva; akapanda basi.
Wakafunga akaunti yake; akalipwa taslimu.
Mwisho wakazuia pasi yake ya kusafiria,
na mpwa wake alikuwa anafunga ndoa Marseille.
Lililoshinda machozi ya miaka kumi na minne
likawezwa na tiketi ya ndege.

Mwandishi akachovya unyoya kwenye wino.
Majina yote, hata ya utani, lazima yaandikwe.
"Mazal, unaitwaje tena?"
"Mazi."
"Nani anakuita hivyo?"
"Baba. Alipokuwa hai."
Karatasi ya kwanza iliharibika, herufi iligusa jirani yake.
Upya. Aviel akatazama saa.
Nilihesabu: mstari wa tisa, wa kumi,
wa kumi na moja (mwandishi akakohoa, nikafa kidogo),
wa kumi na mbili.

"Vua pete. Kinga mikono. Usiidake, iache ianguke."
Ikaanguka, nyepesi kuliko risiti ya sokoni.
Akaibana kwapani, kama desturi inavyotaka,
akatembea kuelekea mlangoni.
Hatua tano.

Jaji akamkumbusha: siku tisini na mbili
kabla ya kuolewa na mwingine.
Mazal akacheka, kicheko cha mtu aliyepiga chafya msibani,
kisha akashindwa kuacha,
nikamshika kiwiko tukatoka.

Kwenye benchi alikuwepo msichana mgeni mwenye kigari cha mtoto.
Akamtazama Mazal, mkoba, viatu.
"Mwaka wa ngapi?"
"Sifuri," Mazal akasema.

Nilifundisha sifuri miaka kumi na mmoja.
Sikuwahi kuisikia ikitamkwa hivyo.

Akashuka ngazi peke yake, bila kushika ukuta.
Msichana akasogeza kigari nipate pa kukaa.
Nikatoa daftari jipya,
nikamwomba aanze na jina lake,
na kila jina ambalo amewahi kuitwa.